Kasha la Chuma, la Plastiki au la Mbao: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Wengi wanaojitengenezea vifaa vya umeme nyumbani huamini kwamba kasha la chuma ndilo salama kuliko yote, kwa kuwa halipasuki wala haliungui. Ukweli ni kwamba chuma hupitisha umeme: waya wa laivu wenye volti 230 ukichomoka ndani na kugusa ubavu wa kasha, kasha zima huwa na umeme, na atakayeligusa akiwa pekupeku ndiye atakayekuwa njia ya umeme huo kwenda ardhini. Kinacholifanya kasha hilo kuwa salama ni waya wa ethi, yaani waya unaopeleka umeme wa hitilafu ardhini, uliokazwa kwa skrubu na nati kwenye chuma kitupu baada ya rangi kukwanguliwa, ili hitilafu ikitokea mkondo mkubwa upite humo na kuunguza fyuzi. Ambaye soketi zake hazina ethi ya kuaminika, na nyumba za namna hiyo si chache, afadhali atumie plastiki.

Dhana nyingine ni kwamba mawimbi ya redio hupenya kasha lolote. Mwaka 1836 Michael Faraday alionyesha, kwa chumba alichokifunika kwa karatasi za chuma, kwamba umeme wa nje hauingii ndani. Kwa sababu iyo hiyo, ESP32, kibodi kidogo cha kielektroniki chenye Wi-Fi, iliyofungiwa kwenye kopo la biskuti hupoteza Wi-Fi, na mwenyewe hubaki akiilaumu programu. Antena itolewe nje, au kasha liwe la plastiki isiyopakwa rangi yenye chembe za metali.

Lakini plastiki nazo hazifanani. PLA, inayotumika sana katika printa za 3D, huanza kulainika karibu nyuzi joto 60, kiwango ambacho dashibodi ya gari lililofungwa juani huweza kukifikia. ABS huvumilia hadi karibu nyuzi 100, ila jua huipausha na kuifanya ikatike upesi. Tena plastiki haitoi joto kirahisi: aisii (kijisehemu cha saketi) ya 7805 inayoshusha volti 12 hadi 5 kwa mkondo wa ampea 0.5 hugeuza wati 3.5 kuwa joto, nalo likikosa matundu chini ya kuingilia hewa na juu ya kutokea, hujikusanya humo humo.

Mbao si duni kama inavyosemwa, na redio za zamani ni ushahidi. Hata hivyo hunyonya unyevu na huungua, kwa hiyo umeme wa soketi usiguse mbao tupu.

Kuhusu mvua, maandishi ya IP65, alama ya kasha linalozuia vumbi na maji yanayorushwa, hudhaniwa kuwa ya kudumu, ilhali tundu moja la kuchimba kwa drili, lisilozibwa kwa glandi ya waya (kizibo kinachoubana waya tunduni), huyabatilisha. Hata kasha lililozibwa barabara hutoa jasho ndani usiku unapopoa, hasa pwani. Waya uingie kwa upande wa chini, ukiwa umelegezwa kwanza uning'inie chini ya tundu, ili maji yadondoke kabla ya kulifikia.