Stelingi ya Oili Tupu Si ya Lami

Msimu wa korosho ukifunguliwa, barabara ya Mnazi Mmoja kwenda Masasi hujaa matrekta na matela ya magunia yakielekea maghalani. Dereva wa trekta anazungusha usukani kwa mkono mmoja, mwingine kashika muhogo wa kuchoma. Hapo ndipo wenye Land Rover na Land Cruiser za zamani, zile zilizovalishwa matairi makubwa kwa ajili ya mchanga wa Tandahimba na tope la Liwale, hupata wazo: kwa nini stelingi ya trekta isihamie kwenye gari langu?

Sisi wakufunzi wa ufundi wa magari hapa Mtwara tunaulizwa hivyo mara kwa mara. Kama gari litapita barabara kuu, jibu ni hapana. Nitaeleza sababu, maana hapana ya fundi isiyo na maelezo hupuuzwa kabla hata spana haijarudishwa kwenye boksi.

Gari la kawaida lenye pawa stelingi bado lina chuma kutoka mwanzo hadi mwisho. Usukani unazungusha shafti, shafti inaingia kwenye stelingi boksi, boksi linasukuma mkono wa chuma, na mkono unasukuma fimbo hadi magurudumu yageuke. Oili inayotoka kwenye pampu ni msaidizi tu. Mkanda wa pampu ukikatika ukiwa unateremka kutoka Newala, usukani utakuwa mzito, utatoka jasho, lakini kona utaikata.

Stelingi kamili ya haidroliki haina chuma hicho. Usukani unazungusha kifaa ambacho mafundi wanakiita obitroli. Kila mzunguko kinapima kiasi fulani cha oili na kukisukuma kupitia mipira ya kupitishia oili hadi kwenye silinda iliyofungwa kwenye eksoli ya mbele, ambayo fimbo yake ndiyo inayogeuza magurudumu. Kati ya mikono yako na tairi hakuna kingine ila oili. Mashine zilizotengenezewa mfumo huu ni trekta, foklifti, greda na kijiko, yaani mashine za mwendo wa pole.

Injini ikizima ghafla, obitroli nyingi hugeuka pampu ya mkono: ukizungusha kwa nguvu, tairi zitageuka. Hilo ndilo mafundi wengi hujitetea nalo, na ni kweli. Ila mpira ukipasuka au nati ya mpira ikichomoka, hakuna cha kupampu. Usukani unazunguka kama feni na tairi haziijui habari yako. Katika kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Hesabu mwenyewe utakuwa umefika wapi kabla hujaelewa kilichotokea, na uweke hapo lori la saruji linalokuja mbele yako.

Na mipira hiyo haibebi mzigo mdogo. Tairi la gari dogo lina upepo wenye presha ya baa mbili na ushee. Pampu ya stelingi inaweza kusukuma oili kwa baa 80, 100 na zaidi. Huku kwetu pwani, kuanzia Mikindani hadi Kilwa, chumvi ya bahari inakula viungio vya chuma na kuchubua fimbo ya silinda. Fimbo ikishakwaruzika inachana sili, yaani mpira unaozuia oili isivuje, kila inapoingia na kutoka, na vumbi linamalizia kazi.

Kuna jambo la pili ambalo halionekani mpaka ukae kwenye kiti. Gari la kawaida ukimaliza kona na kulegeza mikono, usukani hurudi wenyewe katikati, kwa sababu ya jinsi magurudumu ya mbele yalivyolazwa. Obitroli ya kawaida inafunga oili ndani ya silinda, kwa hiyo tairi zinabaki pale ulipoziacha mpaka uzirudishe mwenyewe. Tena oili kidogo huvuja kwa ndani, kwa hiyo alama uliyoweka juu ya usukani ukiwa umenyooka leo, jioni iko pembeni. Shambani ukikosea nusu mita hakuna shida. Kwenye lami nyembamba yenye bodaboda pande zote mbili, nusu mita ni mtu.

Hata vipimo vyenyewe hukosewa. Chukua silinda yenye kipenyo cha ndani cha milimita 63, fimbo ya milimita 32 inayotokea pande zote mbili, na mwendo wa fimbo wa milimita 200. Inahitaji oili ya sentimita za ujazo kama 463 kutoka mwisho wa kona ya kushoto hadi mwisho wa kona ya kulia. Obitroli inayosukuma sentimita za ujazo 100 kila mzunguko itakupa mizunguko minne na nusu hivi. Ya 160 itakupa isiyofika mitatu, na hiyo ni stelingi ya kushtua kwenye mwendo. Silinda yenye fimbo upande mmoja ni mbaya zaidi, kwani kukata kulia na kukata kushoto havilingani.

Simkatalii mwenye matairi makubwa kwamba boksi la zamani linamshinda. Linamshinda kweli. Lipo suluhisho la kati: bakiza stelingi boksi na fimbo zake zote, kisha fundi anayejua aongeze silinda ndogo ya kusaidia, inayolishwa oili kutoka kwenye boksi hilohilo. Mpira ukipasuka unapoteza msaada, chuma kinabaki.

Kwa aliyekwisha kufunga stelingi kamili, gari hilo ni la shamba au machimbo. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, haikubali gari bovu barabarani, na askari ana mamlaka ya kulikagua. Kampuni ya bima nayo uitaarifu kwa maandishi juu ya mabadiliko yoyote ya stelingi, usingoje ajali ndipo waligundue wao.

Usitafute pavujapo kwa kupapasa mpira na kiganja. Oili yenye msukumo mkubwa inapenya ngozi kupitia tundu dogo kama la sindano, na kidonda kinaonekana si kitu. Baada ya saa chache mkono unavimba na nyama za ndani zinaanza kufa. Tumia kipande cha boksi la karatasi, injini ikiwa inaunguruma, wewe ukiwa mbali. Ikikupenya, usisubiri asubuhi: nenda hospitali ya Ligula hapa Mtwara, au ya Sokoine kama uko Lindi, na umwambie daktari ni oili ya presha.

Gari la stelingi kamili likikufia njiani usilivute kwa kamba. Aliyeshika usukani atakuwa anapampu oili kwa mikono mitupu huku wa mbele anakanyaga mafuta. Lipakie juu ya lori.