Hipsi hazifichwi kwa marinda

Jumamosi iliyopita aliingia hapa kwangu bi harusi mtarajiwa pamoja na mama yake na shangazi yake. Salamu hazijaisha, shangazi akanipa simu niangalie picha: gauni kubwa la neti, limevimba kuanzia kiunoni mpaka chini. "Fundi, mwanangu ana mzigo huku. Tunataka kama hili, limfunike." Mama akaitikia kwa kichwa. Binti mwenyewe kimya, ameuweka mkoba mbele ya mapaja na hauondoi.

Hilo "limfunike" nimelisikia Kariakoo nilipokuwa najifunza kazi, nimelisikia Sinza, na sasa nalisikia dukani kwangu karibu kila wiki. Nimeona niliandikie, maana kuna mabinti wanaolipa fedha nyingi kuongezewa kile walichokuja kukipunguza.

Ninaowazungumzia ni wale wenye umbo la peasi: mabega membamba, kifua cha kiasi, kiuno kimeingia, kisha hipsi na mapaja. Binti wa Jumamosi nilimpima mabega inchi 14, kifua 34, kiuno 28, hipsi 43. Kati ya kiuno na hipsi kuna inchi 15. Kazi yote iko kwenye hizo 15.

Sasa rudi kwenye lile gauni la picha. Sketi ya marinda yenye mzunguko wa inchi 168 ukiishusha kwenye kiuno cha inchi 28, kila inchi ya kiuno inabeba inchi sita za kitambaa. Hiyo ni tabaka moja. Weka bitana, weka neti tatu juu yake, weka na gagulo. Mikunjo yote hiyo inatua wapi? Haiendi kwenye pindo. Inatuna chini kidogo tu ya pale ilipobanwa, inchi nne mpaka saba chini ya kiuno, juu ya hipsi za binti. Umemfunga mto. Mwembamba asiye na nyonga anauhitaji huo mto, na utampendeza kweli. Mbunifu wa mavazi Christian Dior alipotoa mtindo wake wa kiuno chembamba mwaka 1947 kule Paris, koti lake mashuhuri la Bar liliwekwa pedi kwenye hipsi ili zitokeze. Wenzetu walikuwa wanazitengeneza. Wewe umekuja nazo.

Dior huyo huyo mwaka 1955 alitoa mkusanyiko wa mavazi alioupa jina la herufi A, na jina hilo ndilo kila mtu analitaja akitaka kumshauri mwenye hipsi: "Vaa la A, huwezi kukosea." Unaweza kukosea vizuri sana. Herufi A inaeleza gauni likiwa mbali. Haisemi limekatwaje. Nimeona likishonwa mbele yangu "la A" ambalo kiunoni lina marinda kuzunguka, yaani ni lile lile puto limepunguzwa neti. La A linalomsaidia mwenye peasi ni la mapande: sita au manane, kila pande jembamba juu na pana chini, na kila mshono umepindishwa kufuata nyonga ya mwenye nguo. Kiunoni hakuna mkunjo hata mmoja. Anayetaka sketi pana kabisa, mkatie duara. Kiuno cha 28 kinahitaji nusu kipenyo cha inchi nne na nusu tu, kitambaa kinakaa laini kiunoni na upana wote unatokea chini. Na kama roho yake iko kwenye gauni la kuvimba, gagulo lake liwe tambarare mpaka katikati ya mapaja, neti zianzie hapo.

Niseme polepole jambo linaloniudhi kuliko yote, maana hata mafundi wenzangu wanalipita haraka. Jina la mtindo halina uzito mkubwa. Uzito uko kwenye mahali sketi inapoachana na mwili. Inaweza kuachana nao kiunoni, inaweza kuachana nao inchi tatu chini, inaweza kusubiri mpaka pale nyonga zilipo pana kabisa. Kwa mwenye peasi, ikiachana kiunoni jicho halijui mwili unaishia wapi, linadhani upana wote ni wake. Ikifuata mwili mpaka pale papana, kisha ikashuka moja kwa moja bila kurudi ndani, jicho linaona kiuno, linaona nyonga, linaendelea chini.

Lakini pale papana ni wapi? Mafundi wengi tulifundishwa kupima hipsi inchi saba au nane chini ya kiuno. Kwa wenye peasi wengi niliowapima, upana wenyewe uko chini zaidi, inchi tisa au kumi, mapaja yanapoanza. Ukipima kwenye nane unapata 41, unakata 41, halafu siku ya kujaribu unamwambia binti "umenenepa". Hajanenepa. Futi kamba ndiyo iliwekwa juu ya mwili wake. Mimi naishusha taratibu huku nasoma, namba ikianza kupungua narudi nyuma. Kisha namkalisha kwenye stuli, napima tena. Yule wa Jumamosi alisimama 43, akakaa 45. Bi harusi anakaa kanisani, anakaa kwenye gari, anakaa meza kuu. Wa ndoa ya Kiislamu anakaa jukwaani saa nzima na zaidi akipigwa picha. Gauni lisilojua hizo inchi mbili litapanda, na likipanda linakunjana hapo hapo kwenye nyonga.

Hapa ndipo linapoingia la mkia wa samaki, ambalo mwenye hipsi huambiwa asilikaribie. Nakataa. Nimewashonea wengi na wamependeza kuliko kwenye puto. Kinachoharibu ni ukataji. Fundi anabana hipsi, halafu anazidi kubana kushuka mpaka magoti, ndipo anamwaga mkia. Kitambaa kikirudi ndani chini ya makalio, paja linachorwa kama balbu. Acha kitambaa kianguke wima kutoka pale papana, mkia uanze katikati ya paja, juu ya goti. Tofauti ya inchi chache tu, na ni gauni jingine. Pia ataweza kupiga magoti kanisani na kuinuka bila matroni wawili kumshika.

Wanaokodi, na Dar ni wengi, wana tatizo lao. Gauni la dukani limekatwa kwa mtu ambaye kifua na hipsi vinakwenda pamoja. Wewe juu ni saizi moja, chini ni saizi mbili zaidi. La A au la duara, chagua kwa kifua, maana chini kuna nafasi. La kubana, chagua kwa hipsi, kisha juu lipunguzwe. Kupunguza kunawezekana, kuongeza kunategemea akiba iliyoachwa ndani ya mshono, kwa hiyo geuza gauni ndani nje uangalie kabla hujalipa. Mgongo wa kamba ni bora kuliko zipu kwa sababu unakaza kiuno peke yake.

Kitambaa: satini ya kung'aa usiiweke kwenye nyonga. Taa ya kamera ya ukumbini inapiga palipotokeza na kurudi. Krepu nzito au satini isiyo na mng'ao inatulia. Neti nyingi na jasho letu la Desemba na Januari, joto limevuka nyuzi 30, sina la kuongeza.

Juu, mpe mabega kitu cha kufanya. Shingo pana inayokwenda bega hadi bega, mikono yenye ujazo kidogo, lesi au shanga zipande kifuani. Gauni lisilo na mikono wala mabega kwa mwenye mabega ya 14 linamwacha mtupu juu. Na shela la kichwani lenye pindo la lesi lisiishie kwenye hipsi. Hiyo lesi inapiga mstari wa kulala pale pale papana. Liishie kiwikoni au lifike chini kabisa.

Kuna la mwili ambalo mabinti hawaambiwi. Wanaanza kujinyima miezi miwili kabla. Mafuta ya nyonga na mapaja mwili wa mwanamke huyashikilia, estrojeni ina mkono wake hapo, kwa hiyo mara nyingi kinachotangulia kupungua ni uso, kifua na kiuno. Anakuja kujaribu, hipsi ziko 43, kifua kimekuwa 32. Peasi imezidi. Ndiyo maana kifua na kiuno nafunga mwisho, siku kumi kabla ya harusi, na nguo ya ndani ya kubana atakayovaa siku hiyo lazima aje nayo, maana inahamisha nyama kutoka tumboni kwenda kwenye paja na vipimo vinabadilika.

Nina mashaka yangu pia. Kukaza korseti sana kunafanya kiuno kipendeze, na kwa kipimo hicho hicho hipsi zinaonekana kubwa. Nikaze mpaka wapi? Kila binti naanza upya mbele ya kioo, na kuna waliotoka nikabaki nawaza kwamba nilikaza mno. Halafu kuna picha. Wageni wamekaa, bi harusi amesimama, simu zote zinampiga kutoka chini. Gauni lililonyooka vizuri kioo changu kikishuhudia, nimeliona kwenye video likiwa na nyonga nisizozikata.

Shaka kubwa zaidi ni hili neno "kusawazisha" ambalo nalitumia mwenyewe. Kwenye kicheni pati binti huyu huyu atafungwa khanga nyongani, ataimbiwa, atasifiwa kwa hizo hipsi na shangazi huyu huyu. Wiki inayofuata nguo ikiwa nyeupe, zinakuwa mzigo wa kufunikwa. Nani alizigeuza? Nimemaliza miaka nikiwafundisha mabinti namna ya kugawa jicho la mtazamaji kati ya juu na chini, na sasa kabla ya kupima namuuliza kwanza yeye, mama na shangazi wakiwa wamenyamaza: unataka zionekane au zisionekane?

Yule wa Jumamosi alichelewa kujibu. Nikakata gauni la kujaribia kwa kitambaa cha pamba cha marekani, nikamvisha, nikaanza kuchoma pini kutoka kiunoni kushuka. Kwenye inchi ya tisa na nusu nikaachia, kitambaa kikaanguka. Aliuweka mkoba kwenye kiti, akageuka upande kujiangalia. Shangazi akasogea karibu na kioo, akashika kitambaa pale penye pini, akauliza kama inawezekana kushusha inchi moja zaidi.

Inawezekana. Alhamisi anarudi na viatu.