Mgonjwa Anayeuguzwa Nyumbani Siku ya Dharura: Tunayoyaamini na Yaliyo Kweli

Dhana inayonisumbua kuliko zote ni ile ya kwamba mgonjwa anayeuguzwa nyumbani ana watu, na mwenye watu haharibikiwi. Mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam yaliwapandisha watu juu ya mapaa, na mtu aliyepooza hawezi kupanda paa. Majirani huja kwa moyo mweupe, lakini kama hawajui amelala chumba gani wala anainuliwaje, dakika za thamani hupotea mlangoni. Kwa hiyo wateuliwe mapema, waingie ndani wamwone, wajifunze kumbeba kwa shuka imara: mgonjwa anageuzwa ubavu mmoja kisha wa pili hadi shuka lipite chini yake, kingo zinakunjwa karibu na mwili, halafu watu wanne wananyanyua kwa pamoja, huku mpira wa mkojo ukiachwa ulegee na mfuko wake ukibaki chini ya usawa wa kibofu.

Wapo pia wanaoamini kwamba mwenye mashine ya oksijeni amejitosheleza, ilhali mashine ile huchuja hewa ya chumbani kwa nguvu ya umeme, na umeme ukikatika nayo huzima. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikuwa gizani kwa saa nyingi. Kinga ni mtungi wa akiba, na hesabu yake ni nyepesi: anayetumia lita 2 kwa dakika humaliza lita 120 kwa saa, hivyo mtungi wenye lita 1,200 utamfikisha saa 10 tu. Hesabu hiyo ibandikwe ukutani, na chumbani humo pasiwashwe mshumaa, kibatari wala jiko.

Si kweli kwamba friji ikizima insulini yote imeharibika. Chupa iliyokwisha kufunguliwa, kwa aina nyingi, hudumu takriban wiki 4 joto lisipozidi nyuzi 30. Ukiiweka ndani ya chungu kilichozungukwa na mchanga uliolowa, itabaki na ubaridi. Iliyoganda kwa barafu ndiyo ya kutupwa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi.

Kosa la mwisho hutokana na huruma. Barabara ikifungwa na maji, mgonjwa wa figo akakosa zamu yake ya kusafishwa damu, nyumbani humpa madafu ili apate nguvu. Dafu lina potasiamu nyingi, figo zilizoshindwa haziwezi kuitoa, na ikizidi mwilini inaweza kuusimamisha moyo. Siku hizo apunguziwe maji na chumvi kwa kiasi alichoelekezwa na daktari wake, ndizi ziwekwe kando, na kila anayeshika zamu ya kumlisha, hata mjukuu, aambiwe jambo hili kabla mawingu hayajatanda.