Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma: maandalizi ya mbio za mlimani

Juzi mkimbiaji mmoja wa Kampala aliniandikia: "Mwalimu, kwa miezi miwili napanda kilima cha Naguru mara kumi kila Jumamosi. Niko tayari kuja kukimbia mlima Elgon?" Nikamuuliza: ukifika juu, unashukaje? Akajibu kwamba anatembea polepole ili apumzishe mapafu. Nikajua bado tuna kazi.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nafanya kazi Mbale, na miguu mingi ninayoishika ni ya watu waliokimbia kwenye miteremko ya mlima huu. Ni nadra mtu aje akilalamikia pumzi. Wanakuja wakiwa hawawezi kukaa kitini bila kushika meza, na ngazi za mlangoni kwangu wanazishuka kinyumenyume. Nami niliwahi kuzishuka hivyo hivyo. Mara yangu ya kwanza kushindana upande wa Kapchorwa niliwapita watu wengi kwenye kupanda, nikajiona bingwa. Kisha njia ikageuka kuelekea Sipi. Baada ya kama kilomita tatu za mteremko mapaja yakaanza kutetemeka kama ya ndama aliyezaliwa asubuhi hiyo. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia kahawa alisimama kunitazama, akanipa pole. Wote niliowapita kule juu walinipita, na mmoja wao alikuwa amevaa ndala.

Unapopanda, misuli ya mbele ya paja inajikunja huku ikikusukuma juu. Ni kazi ngumu kwa moyo na mapafu, lakini misuli yenyewe inaivumilia. Unaposhuka, misuli hiyo hiyo inageuka kuwa breki: kila hatua uzito wa mwili unalivuta goti likunjike, na paja linakaza kulizuia huku likirefushwa kwa nguvu. Kukaza wakati unavutwa ndiko kunakochana nyuzi ndogo ndogo za msuli. Siku ile utaona ni uchovu tu, lakini maumivu yenyewe hufika kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Ndiyo maana mtu anamaliza mbio Jumapili akicheka, halafu Jumanne anashindwa kuchuchumaa chooni.

Habari njema ni kwamba msuli unajifunza haraka sana. Mteremko mmoja wa maana, hata ukikuumiza, unaacha kinga inayodumu wiki kadhaa. Ukirudia baada ya siku kumi, maumivu yanapungua mno, na hakuna dawa ya kuchua inayokaribia kazi hiyo.

Kwa hiyo huyu ndugu wa Naguru nilimpa ushauri uliomfanya anipigie simu kuhakikisha sitanii: panda boda hadi juu, lipa, shuka mbio. Kampala haikosi vilima, kuna Kololo, kuna Muyenga. Boda wawili watatu watakushangaa, wazoee. Wiki ya kwanza shuka mara tatu tu, taratibu, hata kama unajisikia vizuri. Ongeza mara moja au mbili kila wiki, halafu ndipo uongeze kasi. Kushuka kwa nguvu siku moja kwa wiki kunatosha kabisa. Nyumbani, simama kwenye ngazi kwa mguu mmoja, shusha mguu wa pili hadi kisigino kiguse ngazi ya chini, ukihesabu polepole hadi nne. Mara nane kila mguu, seti tatu.

Namna ya kushuka nayo inafundishika. Wageni wa mlima hujilaza nyuma kwa woga, wakanyoosha goti na kugonga ardhi kwa kisigino: hapo breki yote inaliangukia goti, na kwenye tope kisigino ndicho kinachoteleza kwanza. Fanya hatua fupi za harakaharaka, goti likunjike kidogo, kiwiliwili kiufuate mteremko. Mikono iache itawanyike, usione aibu kufanana na kuku anayeruka ua. Macho yatangulie hatua tatu au nne mbele, maana jiwe unalolitazama chini ya mguu wako umeshachelewa kulikwepa.

Wanaodhani Waganda wanashinda milimani kwa sababu ya mapafu tu wanasahau jambo moja. Mwaka 2015, Fred Musobo na Stella Chesang walipochukua dhahabu za dunia za mbio za milimani huko Wales, mashindano yalikuwa ya kupanda na kushuka. Mwaka 2017 huko Premana, Italia, alipotwaa Victor Kiplangat, ilikuwa vilevile. Kiplangat huyo huyo mwaka 2023 akawa bingwa wa dunia wa marathoni Budapest. Mtoto anayeteremka mlima kila siku kwenda shule na kisimani anafika utu uzima akiwa na mapaja ambayo wewe wa ofisini unajaribu kuyapata kwa wiki nane.

Kuhusu kupanda nitasema machache, maana kila mtu anafanya mazoezi ya kupanda. Penye ukali, tembea. Weka mikono juu ya mapaja, sukuma, pumua. Hata mabingwa hutembea.

Hewa sasa. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, mji wa Kapchorwa unakaribia 2,000, na Wagagai, kilele cha juu kabisa cha Elgon, ni 4,321. Kwa mbio zinazobaki chini ya mita 2,500, anayetoka Kampala atachoka mapema kuliko alivyozoea, basi, aanze polepole. Akiweza kufika wiki mbili au tatu kabla, mwili utazoea kwa kiasi kizuri. Asipoweza, afike jioni ya kuamkia mbio. Juu ya hapo mambo yanabadilika. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaanza, usiendelee kupanda kwa ubishi: hali ikizidi kuwa mbaya, teremka. Na ukitaka kufanyia mazoezi ndani ya hifadhi, pita kwa UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, ulipe na upewe askari wa kukuongoza. Njia ya Sasa kutoka Budadiri ni kali, ina mpaka ngazi za kupandia majabali, si mahali pa kujaribu viatu vipya.

Viatu vyenyewe: wengi tunanunua mtumba pale soko la Owino, Kampala, na hakuna ubaya. Geuza soli. Ikiwa meno yamelika, mwachie muuzaji, hata akikuapia. Udongo wa huku ni mfinyanzi wa volkano. Ukinyeshewa unateleza kama sabuni, na mvua ya alasiri haihitaji mwaliko. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole vya mguu, kisha kaza kamba vizuri kifundoni ili mguu usisukumwe mbele unaposhuka. Koti jepesi la mvua libebe hata kama asubuhi ni jua tupu. Waandaaji wakifunga njia kwa sababu ya mvua, usibishane nao. Sisi wa upande huu tunayakumbuka maporomoko ya ardhi ya Bududa, Machi 2010.

Chakula kisikusumbue kichwa. Kwa mbio za zaidi ya saa moja na nusu, lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Bogoya, yaani ndizi mbivu, moja ya wastani ina karibu 25. Kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, hukaa vizuri mfukoni na hazipondeki kama ndizi. Asubuhi ya mbio, uji na chapati saa tatu kabla ya kuanza. Katogo, matoke yaliyopikwa pamoja na utumbo, ni tamu, lakini iache isubiri mchana. Maji kunywa kwa kiu. Kujijaza maji matupu kila kituo kunazimua chumvi ya damu, na nimemwona mtu akichanganyikiwa kwa sababu hiyo huku wenzake wakizidi kumpa maji.

Ndugu wa Naguru amebakiza wiki tano. Nimemwambia mteremko wake mkali wa mwisho uwe siku kumi hadi kumi na nne kabla ya mbio, ili maumivu yaishe na kinga ibaki. Baada ya hapo mbio fupi za tambarare tu, hata akiwashwa miguu. Kucha za vidole vya mguu azikate Alhamisi. Akizikata Jumamosi usiku, kisha akazidisha, Jumapili atazikumbuka kila hatua ya kuteremkia Sipi.