Dinari ya Kirumi ni nini, na siasa iliingiaje humo?

Wasomaji wa Biblia neno hili mnalijua, wale vibarua wa shamba la mizabibu si walipatana dinari moja kwa siku? Basi ndo hiyo hiyo, denarius kwa Kilatini, sarafu ya fedha ya Warumi iliyoanza kutolewa kama mwaka 211 KK, Roma ikiwa bado vitani na Hannibal, jemadari wa Karthago. Jina limetoka kwenye kumi, maana mwanzoni dinari moja ilikuwa sawa na sarafu kumi za shaba. Kenyewe ni kadogo tu, gramu nne hivi, upana hata sentimita mbili hazifiki, na walikuwa wanagonga kwa nyundo moja moja ndo maana nyingi utakuta picha imekaa upande.

Sasa siasa. Kusimamia ugongaji walipewa vijana watatu, na hao ndo kwanza wanaanza kutafuta vyeo, kwa hiyo wakaona ya nini kuhangaika, wakaweka mababu zao waliotukuka na picha ikazunguka sokoni hadi kambini bila kulipia tangazo. Marcus Brutus alipokuwa kwenye kazi hiyo, 54 KK, aliweka Libertas, yaani mungu wa kike wa uhuru, na upande wa pili Lucius Brutus, yule anayesifiwa kumfukuza mfalme wa mwisho wa Roma. Ujumbe umefika.

Ila sura ya Mrumi aliye hai haikuwekwa kwenye pesa za Roma, hayo yalikuwa mambo ya wafalme. Mapema 44 KK Julius Caesar, jemadari aliyekuwa anaitawala Roma, akaweka yake, na sarafu nyingine zikamwandika kabisa dikteta wa daima. Tarehe 15 Machi mwaka huo huo maseneta wakamuua kwa visu, Marcus Brutus akiwemo.

Hapo ndo inakuja dinari ninayoipenda kuliko zote. Brutus yuko mashariki anakusanya jeshi, askari wanataka mshahara, akagonga sarafu yenye visu viwili, katikati kofia ya mtumwa aliyeachwa huru, chini EID MAR, Idi za Machi (sio Idi yetu ya pilau, ni jina lao la tarehe 15). Mtu kamuua mwenzake halafu anaitangaza kwenye pesa! Na ukiigeuza sasa, sura iliyopo ni ya Brutus mwenyewe, mzima wa afya, shingo imenyooka kama ya Caesar.