Kwa nini mfumo wa hospitali hukwama ukisasishwa, ilhali seva haionekani kuwa na kazi?

Kwenye kompyuta ya majaribio usasishaji uliisha kwa dakika chache. Ukipelekwa kwenye seva yenyewe ya hospitali, unafika asilimia 80 saa nne usiku na alfajiri unaukuta palepale. Prosesa imetulia na hakuna ujumbe wa kosa. Wengi wakifika hapo huona programu imekufa, wakaizima seva. Mara nyingi programu iko hai kabisa, na huko kuzima ndiko kunakoleta hasara.

Tuchukue OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, kisha Rwinkwavu, Rwanda, mwaka huohuo. Data zake kwa kawaida hukaa kwenye MySQL, programu ya hifadhidata, na jedwali lake zito kuliko yote linaitwa obs. Humo kila kipimo huwa na mstari wake: uzito mmoja, joto mmoja, presha miwili, wa juu na wa chini. Mgonjwa akihudhuria kliniki mara moja anaweza kuacha makumi ya mistari, na kituo kikubwa kilichofanya kazi miaka mingi hubeba mamilioni. Kompyuta ya majaribio ina wagonjwa wachache wa mfano. Kwa hiyo jaribio lilithibitisha kuwa hatua zinafuatana sawasawa, lakini kuhusu muda halikusema lolote.

Asilimia inayoonekana kwenye skrini nayo huhesabu hatua, haihesabu kazi. Hatua sabini zaweza kupita kwa sekunde, kisha ya sabini na moja ikagusa obs na kuchukua saa tano. Kabla ya MySQL 8.0.12 ya mwaka 2018, kuongeza safu (kolamu) moja tu kulilazimu jedwali zima lijengwe upya, mstari kwa mstari, na diski iwe na nafasi ya kubeba jedwali la zamani na jipya kwa wakati mmoja. Prosesa hutulia kwa sababu inaisubiri diski. Hali huwa mbaya zaidi pale ambapo hakuna aliyegusa mpangilio uitwao innodb_buffer_pool_size, yaani kiasi cha kumbukumbu (RAM) ambacho MySQL hutumia kushikilia data: kiwango chake cha kuanzia ni MB 128, hata kama seva ina kumbukumbu ya GB 32. Data haienei humo, basi kila mara lazima ifuatwe diskini.

Hapo ndipo swali lenyewe lilipo: je, hifadhidata inafanya kazi polepole, au inasubiri mtu? Jibu halipo kwenye skrini ya programu. Liko ndani ya hifadhidata, kwa amri ya SHOW FULL PROCESSLIST, inayoorodhesha miunganisho yote na kazi inayofanya. Ukiona ALTER TABLE, amri ya kubadilisha muundo wa jedwali, inaendelea, ingia kwenye folda ya data. Jedwali likijengwa upya utakuta faili la muda ambalo jina lake linaanza na #sql. Litazame baada ya dakika kumi. Likiwa linakua, linganisha ukubwa wake na wa obs.ibd, faili linalobeba jedwali la obs, na utapata makadirio ya kuaminika kuliko asilimia yoyote.

Lakini ukikuta maneno "Waiting for table metadata lock", yaani inasubiri kufuli la jedwali, hakuna kazi inayofanyika. ALTER TABLE inahitaji kulishika jedwali peke yake kwa muda, na kuna muamala mwingine, yaani kundi la maombi yanayohesabiwa kama kazi moja, uliolisoma na haujafungwa. Huenda mtu wa takwimu alianzisha ripoti ya mwezi mchana, akafunika kompyuta yake akaenda nyumbani, na muunganisho ukabaki wazi. Kwenye orodha muunganisho huo unaonekana umelala, kwa neno "Sleep", na ndiyo maana hakuna anayeushuku. Isitoshe, kila ombi jipya la kusoma obs hupanga foleni nyuma ya ALTER, hata ombi dogo la kufungua faili la mgonjwa mmoja, na mfumo wote huganda. MySQL yenyewe haitakuokoa: muda wake wa kawaida wa kusubiri kufuli hili ni sekunde 31,536,000, yaani mwaka mzima. Tafuta kwenye information_schema.innodb_trx, orodha ya miamala iliyo wazi, muamala ulioanza zamani kuliko yote, hakikisha ni wa nani, kisha usitishe huo tu. Mara nyingi usasishaji utaendelea papo hapo.

Kuzima kila kitu kuna gharama ambayo haionekani mwanzoni. UPDATE, amri ya kubadilisha data, iliyokwisha kubadilisha mistari milioni tatu, ikikatwa, lazima irudishe yote ilivyokuwa, na kurudisha kwaweza kuchukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Kuiwasha upya seva hakukwepeshi deni hilo, kwani MySQL ikiamka huanza kulilipa. Zaidi ya hapo, OpenMRS hutumia programu ya Liquibase kupanga hatua za usasishaji, nayo huandika kufuli lake, alama ya kuzuia usasishaji mwingine usianze, kwenye jedwali la liquibasechangeloglock. Programu ikiuawa ghafla, kufuli hubaki, na jaribio linalofuata hukwama mwanzoni kabisa, likimsubiri mtu ambaye hayupo. Kufuli hilo linaweza kuondolewa kwa mkono, ila baada ya kuthibitisha kwamba hakuna mchakato mwingine unaoendelea. Ukiliondoa kwa pupa, michakato miwili inaweza kubadilisha majedwali yaleyale kwa pamoja, na hapo kitakachobaki cha kutegemea ni bakapu, nakala ya akiba ya data.

Bakapu hiyohiyo ndiyo jaribio la kweli. Irejeshe kwenye mashine yenye diski ya aina ileile, endesha usasishaji juu yake huku ukipima muda wa kila hatua, na angalia nafasi ya diski inaposhuka chini kabisa. Kama hatua ya obs imechukua saa tano huko, usiombe ruhusa ya kufunga mfumo kwa saa mbili.