Mashine Imezimwa, Gurudumu Bado Linazunguka

Katika vijiji vingi vya Mkoa wa Dodoma, kuanzia Chamwino hadi Bahi, mashine ya kusaga mtama na uwele husikika kabla haijaonekana. Mwendeshaji akizima mota, mngurumo hushuka taratibu, na gurudumu la chuma linalovutwa na mkanda huendelea kuzunguka kwa muda kabla ya kusimama. Muda huo mfupi unatosha kumfundisha mwanafunzi wa kidato cha tano namna ya kukokotoa mwendo wa mzunguko.

Tuchukue mfano wa gurudumu lenye umbo la sahani, tungamo la kilo 20 na nusu kipenyo cha mita 0.2, linalozunguka mara 1,500 kwa dakika. Mota inazimwa, na baada ya sekunde 50 gurudumu linasimama. Tuchukulie kwamba kasi inapungua kwa kiwango kilekile tangu mwanzo hadi mwisho.

Makosa mengi ninayoyasahihisha huanzia kwenye vipimo, wala si kwenye kanuni. Mizunguko 1,500 kwa dakika ni mizunguko 25 kwa sekunde, lakini kanuni zetu zinadai radiani, yaani pembe ambayo upinde wake una urefu sawa na nusu kipenyo cha duara. Mzunguko mmoja una radiani 6.28 hivi, kwa hiyo kasi ya mwanzo ni radiani 157 kwa sekunde. Anayeruka hatua hii hupata majibu yenye sura nzuri ambayo si ya kweli, na huumia zaidi kwa sababu hajui alipokosea.

Yanayofuata ni mepesi. Tukigawa 157 kwa 50, tunaona kwamba kila sekunde kasi inapungua kwa radiani 3.14 kwa sekunde. Wastani wa kasi ni mizunguko 12.5 kwa sekunde, hivyo kwa sekunde 50 gurudumu linazunguka mara 625.

Ni nini kinachopunguza kasi hiyo? Ni msuguano, hasa kwenye beringi. Ili kuupima tunahitaji inesha ya mzunguko, yaani kipimo cha ugumu wa kukizungusha au kukisimamisha kitu, ambayo kwa sahani ni nusu ya tungamo mara nusu kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe: 0.4. Kama chuma chote kingekuwa ukingoni, inesha ingekuwa 0.8, kwa kuwa kilicho mbali na ekseli ni kigumu zaidi kukizungusha na kukisimamisha. Tukizidisha 0.4 kwa 3.14, tunapata momenti ya msuguano, yaani nguvu yake ya kuzuia mzunguko, ya takriban nyutoni mita 1.26. Ni ndogo sana, na ndiyo maana gurudumu linachelewa kusimama.

Hesabu ya nishati ndiyo ningependa wazazi nao waisome. Nusu ya inesha mara kasi iliyozidishwa kwa yenyewe inatupa jouli 4,900 hivi, sawa na nishati ya kuliinua gunia la kilo 50 hadi urefu wa mita 10. Baada ya sekunde 25 kasi imebaki nusu, ila nishati imebaki robo, nayo bado inatosha kuliinua gunia hilohilo mita 2.5, ilhali mota ilikwishazimwa na mtoto aliyesimama kando anaiona mashine imetulia kiasi cha kuweza kuugusa mkanda.